Simu tatu, nyakati tatu: mishumaa ya Sabato huwashwa saa ngapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasimamia nyumba ya wageni hapa Arusha. Katikati ya Februari tulipokea familia tatu za Kiyahudi, mbili za Israeli na moja ya Marekani. Ijumaa jioni kila familia ilikuwa na simu yake na saa yake ya kuwasha mishumaa: moja 12:14, nyingine 12:29, ya tatu 12:36. Jumamosi ndiyo ikawa kasheshe. Dereva aliambiwa saa 1:30 usiku kwa ajili ya kuwapeleka mjini kula. Familia moja ikatoka kwa wakati, nyingine ikabaki chumbani hadi saa mbili na dakika zake. Dereva kanuna, mpishi kanuna. Sasa programu ipi ndiyo sahihi? Na sikukuu zao niziwekeje kwenye simu yangu nisiwe nashtukizwa?

JIBU: Marahaba, dada. Nimekaa na karatasi nikazipigia hesabu dakika zako zote, na habari njema ni kwamba simu mbili kati ya hizo tatu zilikuwa sahihi kabisa, ingawa zimepishana dakika 22. Ni ile ya 12:29 tu iliyopotea njia.

Tuanze na jua lenyewe. Katikati ya Februari, Arusha jua huzama karibu saa 12:54 jioni. Sabato ya Kiyahudi huingia na machweo, na kuwasha moto ni moja ya kazi zilizokatazwa Sabato ikishaingia, kwa hiyo mishumaa huwashwa mapema kwa kuweka akiba ya muda. Desturi iliyoenea zaidi duniani ni dakika 18 kabla ya machweo. Toa 18 kwenye 12:54, unapata 12:36. Hiyo ni simu ya tatu, na nisingeshangaa ikiwa ni ya wale wa Marekani. Yerusalemu wana desturi yao ya dakika 40. Toa 40, unapata 12:14, simu ya kwanza hiyo. Mtu wa Yerusalemu akisafiri, programu yake mara nyingi husafiri na mpangilio wa nyumbani, na pengine mwenyewe hataki kuubadilisha kwa kuwa ndivyo alivyomwona mama yake akifanya. Haifa wao huhesabu dakika 30, kwa hiyo usishangae siku moja ukiona 12:24.

Ile 12:29 nayo ni dakika 18 kabla ya jua kuzama, ila jua la Dar es Salaam. Siku hiyo Dar jua huzama karibu saa 12:47, dakika saba kabla ya Arusha, kwa sababu Dar iko mashariki zaidi. Lokesheni ikizimwa, programu nyingi hukisia mahali ulipo kwa kuangalia intaneti inaonekana kutokea wapi, na intaneti ya hoteli ya Arusha inaweza kuonekana kama ya Dar. Ijumaa kosa hilo halimdhuru mtu, kwani amewasha mapema tu. Jumamosi usiku kosa lilelile linamtoa kwenye Sabato dakika saba kabla haijaisha, na kwa mtu anayeishika kwa dhati hilo si dogo.

Sasa swali lako la msingi, programu ipi ni sahihi. Hapo kuna mambo mawili yanayochanganywa, tarehe na saa.

Kwenye tarehe hakuna ubishi. Sisi tumezoea kungoja mwezi uandame: usiku wa 29 Shaabani watu wako juu ya mapaa, redio imefunguliwa, na kesho yake nusu ya mtaa imefunga na nusu haijafunga. Wayahudi nao zamani walikuwa hivyo, mashahidi wa mwezi wakifika mbele ya baraza na mioto ikiwashwa milimani kupeleka habari. Tangu zamani waliachana na utaratibu huo wakaingia kwenye hesabu, na mapokeo yanamtaja Hillel wa Pili katika karne ya 4. Hesabu hiyo inachukua mwezi wa wastani kuwa siku 29, saa 12 na sehemu 793, ambapo saa moja ina sehemu 1,080. Ndani ya kila miaka 19, miaka saba huongezewa mwezi wa kumi na tatu ili Pasaka yao isihame kutoka majira yake. Ndiyo maana sikukuu zao huyumba mbele na nyuma ndani ya wiki chache bila kuuzunguka mwaka mzima kama Ramadhani. Mfano: mwaka wao 5787 unaanza jioni ya Ijumaa tarehe 11 Septemba 2026, na kwa kuwa una mwezi wa nyongeza, 5788 unaanza jioni ya tarehe 1 Oktoba 2027. Kompyuta yoyote inaweza kukupa Rosh Hashana, yaani mwaka mpya wao, ya miaka mia ijayo bila kumwuliza mtu. Ukiona programu mbili zimetofautiana siku moja kwenye tarehe, moja mbovu, au moja imeandika mkesha na nyingine imeandika mchana.

Kwenye saa mambo hubadilika. Angalia programu za vipindi vya swala za Waislamu: moja inaweka Alfajiri jua likiwa nyuzi 18 chini ya upeo wa macho, nyingine nyuzi 15, na unapata tofauti ya dakika kumi na zaidi bila yeyote kuwa mwongo. Za Kiyahudi ziko vilevile. Jua limepigiwa hesabu moja, ila wanazuoni wametofautiana katika kulisoma, na programu imechagua mmoja wao kimyakimya. Kwa hiyo ukiniuliza ipi sahihi, nitakuuliza imewekewa mji gani na desturi gani.

Hapa niruhusu nichepuke kidogo, maana kuna kitu ambacho Mswahili anakielewa haraka kuliko Mzungu yeyote. Saa za sala za Kiyahudi zinahesabiwa kama saa zetu. Mchana, kuanzia macheo hadi machweo, hugawanywa mafungu 12, na saa ya kwanza huanza jua likichomoza. Mishna, mkusanyiko wa sheria wa karibu mwaka 200, inauliza Shema ya asubuhi, yaani tamko lao la imani, isomwe mpaka saa ngapi, na Rabi Yehoshua anajibu: mpaka saa tatu, kwa kuwa watoto wa wafalme huamka saa tatu. Kwa Kiswahili sentensi hiyo haihitaji maelezo. Mtu wa London lazima afafanuliwe, tena saa yake moja ya mchana wa Desemba ina dakika 39 hivi na ya Juni ina 83, kwa hiyo bila kompyuta anahangaika. Arusha saa moja ya namna hiyo haipungui wala kuzidi dakika 60 ila kwa dakika moja na nusu hivi.

Basi kwa kichwa tu unaweza kushika ratiba nzima: mwisho wa Shema saa tatu, mwisho wa sala ya asubuhi, Shaharit, saa nne, adhuhuri saa sita, sala ya mchana, Minha, kuanzia saa sita na nusu, na saa kumi na moja kasorobo wanaiita plag, ambapo mishumaa ya Ijumaa inaweza kuanza kuwashwa kwa anayetaka mapema. Kuna kasoro moja tu. Saa ya ukutani imepangwa kwa mstari wa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ambao unapita Somalia na Madagaska na haugusi Tanzania kabisa. Arusha iko nyuma ya mstari huo kwa zaidi ya nusu saa, na Februari jua lenyewe huchelewa dakika 14 nyingine. Kwa hiyo "saa tatu" ya Rabi Yehoshua, Arusha katikati ya Februari, ni saa 3:44 kwenye simu, na plag ni 11:38. Mwanzoni mwa Novemba jua huwahi, huchomoza saa 12:10 na kuzama 12:24. Nusu saa nzima ya tofauti kati ya Novemba na Februari! Hili nalisisitiza kwa sababu wenye hoteli wengi huniambia "kwetu jua halibadiliki", wakaendelea kubandika ukutani karatasi ya mwaka juzi.

Ukiona programu imeandika mwisho wa Shema mara mbili, 3:08 na 3:44, haijaharibika. Ya pili inahesabu mchana kuanzia macheo hadi machweo, kama alivyofundisha Gaoni wa Vilna, mwanachuoni wa karne ya 18. Ya kwanza inaanza kuhesabu alfajiri na kuishia usiku ukiingia, kama alivyosema mwanachuoni anayejulikana kwa jina la kitabu chake, Magen Avraham. Mgeni anajua ya kwake ni ipi, wewe usimchagulie.

Turudi kwa dereva aliyenuna. Sabato inatoka usiku ukishaingia, yaani nyota tatu zikionekana. Nyota tatu ni kipimo kizuri kwa mchungaji wa mbuzi lakini kompyuta inataka namba, na hapo ndipo namba zinapokuwa nyingi. Wengine wanachukua jua likiwa nyuzi 8.5 chini ya upeo. Wengine wanaongeza dakika maalumu baada ya machweo: 42, au 50, au 72. Hiyo 72 inatokana na muda wa kutembea mili nne, kila mili dakika 18, na inafuata rai ya Rabenu Tam wa Ufaransa katika karne ya 12. Ukizipeleka Arusha katikati ya Februari, Sabato inatoka saa 1:26, 1:36, 1:44 au 2:06 usiku. Inaelekea familia iliyotoka kwa wakati ilikuwa ya nyuzi, na iliyobaki chumbani ilikuwa ya 72.

Ulaya tofauti hizi wakati mwingine hujificha, kwetu zinajianika. Karibu na ikweta jua hudondoka wima kama nazi, giza linaingia haraka, na nyuzi 8.5 zinakamilika ndani ya nusu saa na dakika moja au mbili. London mwezi Juni jua linateleza kwa mshazari na nyuzi hizohizo zinachukua zaidi ya saa nzima. Anayefuata nyuzi akija Arusha anafurahi, Sabato imekuwa fupi. Anayefuata 72 hapati punguzo.

Jirani yako Msabato anaweza kukuambia mbona yeye anafungua na kufunga Sabato kwa machweo tu, bila hizi 18 na 72. Ni kweli, na kalenda yake ya machweo ni nzuri kwa kuhakiki kama programu yako inajua iko Arusha. Hali kadhalika adhana ya Magharibi: ikilia dakika tano baada ya machweo ya simu yako, uko salama. Ikipishana na simu kwa nusu saa, kuna mji umekosewa au ukanda wa saa si wa kwetu.

Kitu kingine cha kuangalia ni mwinuko kutoka usawa wa bahari. Programu nyingi zina swichi yake. Ukiiwasha na ukawa mita 1,400, programu inadhani umesimama juu ya mnara unaotazama bahari, na inalichelewesha jua kuzama kwa dakika nne au tano. Arusha upande wa magharibi huoni bahari, unaona milima ya Monduli. Zima swichi hiyo. Kalenda nyingi zinazochapishwa hutumia usawa wa bahari hata hivyo.

Kuhusu zana yenyewe, mimi natumia Hebcal. Ni ya bure, ilianza kama programu ndogo ya kompyuta za Unix mwaka 1992 na ina tovuti tangu 1999, na sifa yake kubwa machoni pangu ni kwamba haikufichi ilichochagua: dakika za mishumaa ziko wazi uzibadilishe, na namna ya kutoka Sabato unachagua nyuzi au dakika. Andika Arusha, hakikisha imekuandikia Tanzania na ukanda wa Africa/Dar_es_Salaam, acha 18, chagua nyuzi 8.5, kisha ijiunge na kalenda ya simu yako. Ukishajiunga, mwakani inajijaza yenyewe. Google na iPhone nazo zinaweza kukuonyesha tarehe ya Kiebrania pembeni ya tarehe ya kawaida, na inatosha kwa kujua sikukuu, ila usitegemee hapo kwa saa za sala.

Kuwa mwangalifu na kile kisanduku cha siku. Tarehe inayoandikwa ni ya mchana wa siku hiyo. Siku ya Kiyahudi huanza jua likizama, kama wazee wa pwani wanavyosema "usiku wa Ijumaa" wakimaanisha Alhamisi baada ya Magharibi. Kwa hiyo ukisoma kwenye simu kwamba Yom Kipuri ni Jumatatu tarehe 21 Septemba 2026, chakula cha mwisho kabla ya mfungo ni Jumapili jioni, na jikoni lazima iwe imemaliza jua likiwa bado juu. Kwenye zana za kubadilisha tarehe utakuta kijisanduku cha kuuliza kama tukio lilikuwa baada ya machweo. Mgeni anayetafuta kumbukumbu ya kifo cha baba yake aliyefariki saa mbili usiku akisahau kukitia alama, anapata siku ya jana yake. Akikuomba mshumaa wa kuwaka saa 24, ni wa kumbukumbu hiyo.

Kwenye mpangilio wa sikukuu kuna swichi ya Israeli au nje ya Israeli, na kwa hoteli hii ni muhimu kuliko dakika zote nilizozitaja. Nje ya Israeli, sikukuu nyingi kubwa hushikwa siku mbili pale Israeli wanaposhika moja. Pasaka ya 2027 inaingia jioni ya Jumatano tarehe 21 Aprili. Familia ya Marekani itashika Alhamisi na Ijumaa, halafu Sabato inawapokea hapohapo: siku tatu mfululizo bila simu, bila gari, bila safari ya Ngorongoro. Wengi wa Israeli watashika Alhamisi, Ijumaa mchana watataka gari, na jioni watarudi kwa Sabato. Usikisie kwa pasipoti. Waulize wanaposhika nafasi, swali moja tu: mnashika siku moja au mbili?

Sasa aibu yangu. Miaka ya nyuma niliwatengenezea watu wa hoteli moja ratiba nzuri, rangi na mistari, nikaitoa moja kwa moja kwenye programu: mishumaa 6:36, mwisho wa Sabato 7:26. Mhudumu wa zamu akasoma 6:36 kama Mswahili yeyote angesoma, akapeleka mishumaa na viberiti mezani saa sita na dakika 36 mchana, na jioni alikuwa ameshaondoka. Simu hata ukiiweka Kiswahili haikubadilishii saa. Ongeza au punguza sita mwenyewe, na chapisha karatasi mbili: ya wageni kwa saa zao, ya wafanyakazi kwa saa zetu, na neno "jioni" au "usiku" kila mstari.

Na karatasi ni lazima, kwa sababu zana zote hizi zinanyamaza pale zinapohitajika zaidi. Mshika Sabato hagusi simu kuanzia mishumaa hadi nyota. Ujumbe wa WhatsApp uliomtumia Jumamosi saa tano asubuhi ataukuta usiku. Chapisha Ijumaa mchana, pitisha chini ya mlango kabla ya saa tisa. Kama milango yenu ni ya kadi, wape ufunguo wa chuma au mtu wa kuwafungulia, na taa ya korido inayojiwasha mtu akipita izimwe au iachwe inawaka. Kwenye karatasi ya wafanyakazi, upande wa Ijumaa andika saa ya mapema kuliko zote za wageni waliopo, upande wa Jumamosi andika ya mwisho kuliko zote. Kwa kundi lile la Februari ingekuwa: mishumaa na viberiti viwe mezani kabla ya saa 12:00 jioni, dereva afike saa 2:15 usiku, na mpishi aambiwe Alhamisi.